Mkataba wa Kiminini

Wilkista alikuwa hajamaliza hata siku mbili ardhini, na tayari wakubwa walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba yake, wakimgawana.

Mumewe, Absalom Mukhwana, alikuwa chini kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta, jinsi mtu aliyefiwa na mke anavyokaa huko Tongaren. Uwanja ulikuwa mchafu. Mifupa ya ng'ombe, vikombe vya karatasi na majani ya migomba ya siku ya mazishi vilikuwa bado vimetapakaa, kwa sababu kwa Wabukusu matanga hayafagiwi mpaka watu wanyolewe. Komredi Ngige wa Kitale hakulijua hilo. Aliutazama ule uchafu, akasogeza kiti chake mbali na mfupa mmoja uliokuwa na inzi, akasema kwa upole:

"Mzee, tungeleta vijana wawasaidie kusafisha hapa."

"Wacha tu," akasema Absalom.

Komredi Jotham wa Bungoma, ambaye ni mzaliwa wa Myanga na amenyolewa matangani tangu angali mtoto wa kubebwa, alilijua vizuri sana. Lakini aliinama tu, akawa anapangusa kiatu chake kwa jani.

Hawa wawili ndio waliokuwa wakubwa wa mapinduzi katika pande zetu hizi. Ngige aliongoza Jembe Jekundu. Babake alikuja Trans-Nzoia kutoka Nyeri, akafungua duka la mbegu pale Kiminini, akamsomesha kijana mpaka chuo kikuu, na kijana akarudi kuwaambia watu kwamba adui yao ni mwenye duka. Jotham aliongoza Ligi ya Wavujajasho. Alikuwa mwalimu, akaacha chaki, akashika kipaza sauti, na mpaka leo akiongea na mtu mzima utadhani anamwita ubaoni.

Zamani walikuwa chama kimoja. Wakagombana juu ya uchaguzi. Ngige alitaka chama kisimamishe wagombea, Jotham akasema kura ni mtego wa matajiri. Wakatengana, wakagawana mpaka turubai na spika, moja huku moja kule. Baada ya muda Jotham akaanza kutafuta kiti cha uwakilishi wa wadi, naye Ngige akaanza kuhubiri kwamba mtu mwenye akili hapigi kura. Ungedhani basi hapo watarudiana. Wapi! Kila mmoja akamwita mwenzake msaliti, na safari hii wote wawili walikuwa na ushahidi.

"Tumekubaliana na mwenzangu," Ngige akasema. "Siku ya mazishi Ligi ndiyo iliongoza. Kesho ni zamu yetu. Nitasema maneno machache juu ya mama, halafu tutangaze muungano wetu rasmi, papa hapa, karibu na kaburi. Waandishi wa habari watakuwepo."

"Kesho ni ya kunyoa," Absalom akasema.

"Ndiyo mzee, kunyoa pia kutakuwepo."

"Mtanyoa nani?"

Ngige akamtazama Jotham. Jotham akakohoa.

"Papa," Jotham akasema, akimwita baba kwa Kibukusu, "ni mambo ya mpangilio tu. Mambo ya sasa yamebadilika kidogo."

"Wewe hukumwambia huyu mtoto wa watu kesho ni nini?"

Jotham akarudi kupangusa kiatu, na hapo Absalom akaelewa yote. Siku ya mazishi ndiyo yenye watu wengi, wanasiasa na kamera. Jotham aliichukua hiyo. Akamwachia mwenzake siku ya kunyoa, ile inayoitwa lufu, akijua kwamba si yake kuigawa wala si ya mwenzake kuipokea. Aliuza ng'ombe wa wenyewe aliyemwona tu malishoni, na mnunuzi akaja na kamba.

Kwa maana siku ya lufu haina mgeni wa heshima. Aliyemshika marehemu alipokuwa akikata roho ndiye husimama kwanza. Anaeleza ugonjwa ulianza vipi, marehemu alipelekwa wapi, nani aliombwa msaada na akajibu nini. Wembe unabaki ndani ya bakuli la maji mpaka amalize. Mwenye neno tofauti anasimama na kulisema palepale. Baada ya hapo wananyolewa, uwanja unafagiwa, na jambo limefungwa. Hakuna mtu atakayekuja mwaka ujao kusimulia kifo kile kwa namna nyingine. Na uwongo ukinyolewa pamoja na nywele, watoto wa marehemu ndio watakaoubeba.

"Na wewe utasema nini kesho?" Absalom akamuuliza Ngige.

"Ukweli, mzee. Kwamba Mama Wilkista aliuawa na dola, akiwa mstari wa mbele, amebeba bendera."

"Hakuwa na bendera. Alikuwa na chupa ya chai."

"Mzee, mimi nasema kwa lugha ya mapambano."

"Chupa ya chai," Absalom akarudia. "Ya bluu. Kifuniko kilikuwa kimepotea, akaziba na gunzi la mahindi."

Wakaondoka kila mtu na gari lake. Jotham alitangulia kidogo, kisha akarudi mbio kana kwamba amesahau kitu, akachuchumaa karibu na mkeka.

"Papa, yale ya Kitale usiyaguse. Nakuomba kama mtoto wako. Watu wamechoka kutuona tukipigana. Muungano huu ukivunjika, serikali itacheka."

"Serikali inacheka tangu siku ile," Absalom akasema. "Enda."

Yale ya Kitale yalikuwa hivi.

Wilkista alikuwa mwanachama wa vyama vyote viwili. Hakujificha. Alisema kwamba shamba lao la skimu, ambalo babake Absalom alilipata bendera ya mzungu iliposhushwa, halina hatimiliki mpaka leo, na kila mkubwa anayekaa kwenye ofisi ya ardhi anasema faili iko kwa mkubwa mwingine. Alisema hawa vijana wakiungana, hatimiliki itatoka. Basi Jumamosi akiwapikia Jembe Jekundu githeri, Jumapili baada ya kanisa anawapikia Ligi. Mwenyewe alijifunga kitambaa chekundu cha Jembe kichwani na kitambaa cha manjano cha Ligi shingoni. Absalom, ambaye aliacha shule darasa la nne na hakuwahi kumwamini mtu mwenye kipaza sauti, alimcheka.

"Unafanana na maharagwe ya mbegu."

"Cheka tu. Siku hatimiliki ikitoka usiiguse."

Halafu kukawa na ule Mkataba wa Kiminini. Wenyewe waliuita hivyo, kana kwamba ni mataifa. Vyama vile vilikuwa vinaibiana watu. Mtu wa Ligi akiumizwa kwenye maandamano, Jembe wanambeba, wanampiga picha hospitalini amevishwa nyekundu, na kesho yake ni shujaa wao. Ligi nao wanafanya vilevile. Wakaja kukutana kwenye hoteli moja Kiminini, wakala kuku, wakaandika kwamba kuanzia siku hiyo hakuna chama kitakachomchukua mtu wa chama kingine, awe mzima au awe majeruhi. Wakapeana mikono, wakapigiwa makofi. Hata Wilkista alipiga makofi. Alirudi nyumbani akisema, "Angalau wameketi meza moja."

Siku ya maandamano ya Kitale, Absalom alimfuata mkewe kwa sababu kifua chake hakikuwa kizuri wiki hiyo. Wilkista alikuwa na pumu ya miaka mingi. Polisi walirusha moshi wa machozi, na moshi ukaingia kwenye uchochoro walikokuwa wamejibanza. Wilkista akaanza kuvuta pumzi kama mtu anayevuta gari lililokwama kwenye tope. Absalom akampigia simu binti yao, Phelista, ambaye alikuwa anafanya kazi katika ofisi ya Ligi na siku hiyo alikuwa ndani ya gari lao la majeruhi. Akaisikia sauti ya Jotham ikiuliza, "Ana kitambaa gani?" Absalom akajibu chekundu, kwa sababu ndicho alichokuwa anakitazama, kichwa cha mke wake kilikuwa mapajani mwake. Jotham akasema, "Basi pikapu ya Jembe iko hapo karibu. Sisi tukimchukua watasema tumevunja mkataba."

Na kweli pikapu ya Jembe ilikuwa mwisho wa uchochoro. Absalom akamwacha Wilkista na mama mmoja muuza ndizi, akakimbia. Ngige mwenyewe akaja na watu wake, akainama, akakiona kile cha shingoni.

"Mzee, huyu ni wa Ligi. Gari lao linakuja. Tukimgusa sisi, kesho watatuita wezi."

"Ni mke wangu!"

"Najua, mzee, pole sana. Lakini tuna makubaliano."

Wakaenda kumbeba kijana aliyekuwa ameumia kiwiko. Absalom alimpeleka mkewe kwa bodaboda, yeye nyuma, Wilkista katikati, amemkumbatia asianguke. Kabla hawajafika hospitali, mwendeshaji akasikia kimya, akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Jioni ile, wakubwa walipoondoka, Phelista alimletea babake uji. Akakaa kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa yamevimba, nywele amezifunga kwa leso, kwa kuwa kesho yake zingekatwa.

"Papa, kesho utasema?"

"Si nitaulizwa."

"Ukisema, muungano umekufa. Na mama aliutaka kuliko kitu chochote. Wewe unajua."

"Mama yako aliutaka akiwa anapumua."

"Papa, hao polisi ndio—"

"Polisi nitawasema! Nitamsema polisi, na aliyemtuma polisi, na aliyemtuma huyo, mpaka yule wa juu kabisa anayelala kwa kitanda cha kodi yangu. Nani amenikataza kuwasema hao? Hao kila mtu anawasema. Lakini mimi sikumpigia simu polisi nikamwambia, mama yako anakufa, njoo. Nilikupigia wewe."

Phelista akainamisha kichwa. Alikuwa ameishika ile simu, na sauti ya Jotham ilipita kwenye sikio lake kabla ya kufika kwa babake.

"Nilimwambia tuende," akasema polepole. "Akasema ningoje. Nikangoja."

Absalom alikunywa uji ule ukiwa moto hivyohivyo, akamrudishia kikombe.

Kesho yake Jembe Jekundu walikuja na spika zao mbili na bango refu jekundu lenye picha ya Wilkista. Kwenye picha walikuwa wamekifuta kitambaa chake cha manjano, shingo ikabaki tupu kama ya kuku aliyenyonyolewa. Ligi walikuja na bango lao pia, na kwenye hilo alikuwa hana kitu kichwani. Wanawake wa Tongaren waliokuwa wamekaa chini ya upenu wa nyumba waliyatazama yale mabango mawili.

"Ee, Nanyama," mmoja akamwambia mwenzake, "sisi tumemzika yupi kati ya hawa?"

"Tulimzika yule mwenye nguo zake zote," Nanyama akajibu.

Mzee Mukhisa, mkubwa wa ukoo, aliweka bakuli la maji juu ya kigoda, akatumbukiza wembe mpya, akaketi. Hakuwasalimu waandishi.

"Tuanze," akasema. "Nani alimshika?"

Ngige akasimama, kipaza sauti mkononi. Spika zikalia kidogo.

"Wapendwa wananchi, kwa niaba ya vyama vyetu viwili—"

"Kijana," Mzee Mukhisa akamkata, "ni wewe ulimshika?"

"Kwa maana ya kisiasa, sisi sote—"

"Mimi nimeuliza mikono."

Watu wakacheka, kicheko kile cha matanga kinachotoka kwa pua. Ngige akamtafuta Jotham kwa macho. Jotham alikuwa anasoma simu yake kwa bidii kubwa. Ngige akasimama hapo, kipaza sauti kikiwa karibu na mdomo, uso ukimbadilika pole pole, na nadhani ndiyo saa alipojua amenunua nini. Akaketi.

Absalom akainuka kutoka kwenye mkeka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Ikabidi ashike ukuta.

"Mimi ndiye nilimshika," akasema. "Pumu yake mnaijua. Alianza nayo akiwa na mimba ya Phelista. Wiki hiyo kifua kilikuwa kinapiga filimbi, nikamwambia abaki, akakataa. Polisi walirusha moshi mahali kuna akina mama na watoto, na aliyewatuma yuko ofisini anakunywa chai, na hakuna atakayemuuliza. Huyo namwachia Mungu kwa sababu mimi sina barabara ya kumfikia. Lakini niliomba msaada mahali pawili, na hao ninaweza kuwafikia. Wako hapa, kwa viti."

Akaeleza yote. Hakupandisha sauti. Alieleza simu, alieleza swali la kitambaa, alieleza pikapu, alieleza kijana wa kiwiko. Alipofika kwenye bodaboda, akakwama, akatazama mikono yake, akasema tu, "Hapo ndipo," na watu wakaelewa.

"Walikuwa na magari mawili," akamalizia. "Mke wangu alikuwa wa kwao wote wawili, kwa hivyo hakuwa wa mtu. Kama hangekuwa wa chama chochote, wangembeba. Mimi nimemaliza."

Mzee Mukhisa akaukoroga wembe majini.

"Mwenye neno tofauti asimame."

Ngige akasimama tena, safari hii bila kipaza sauti. "Wazee wangu, uchungu wa mzee tunauelewa. Lakini lazima tutofautishe adui mkuu na makosa madogo ya kimpangilio. Tukianza kulaumiana sisi kwa sisi—"

"Neno tofauti," Mzee Mukhisa akasema. "Gari lilikuwepo ama halikuwepo?"

"Lilikuwepo, lakini—"

"Kaa."

Jotham akainuka, akavaa ile sauti yake ya darasani. "Mzee Absalom ni papa yangu, namheshimu. Lakini siku ile kulikuwa na kelele nyingi. Simu ilikuwa inakatika. Mtu mwenye hofu anaweza kusikia jambo ambalo halikusemwa. Hakuna mtu mwingine aliyeyasikia maneno hayo."

Phelista, aliyekuwa amekaa na watoto wa ndugu zake wakingoja wembe, akasimama.

"Simu niliishika mimi," akasema. "Haikukatika."

"Phelista," Jotham akasema kwa chini, "fikiria vizuri, komredi."

"Uliuliza kitambaa. Nikakuambia, komredi, huyo ni mamangu. Ukasema, mkataba ni mkataba."

Nanyama akapiga ukelele mmoja, mrefu, kama ule wa siku maiti ilipoletwa. Mzee Mukhisa akanyanyua mkono.

"Imetosha. Imefungwa. Lete kichwa, Absalom."

Wakamnyoa Absalom kwanza, na baada yake Phelista, na baadaye wadogo. Wembe ulikuwa baridi. Wakati akinyolewa, Absalom aliwaona wakubwa wawili kule kwenye lango. Walikuwa wamesimama bega kwa bega, vichwa vimegusana, wanaongea haraka haraka. Halafu Jotham akafungua mlango wa pikapu ya Jembe, akaingia, wakaondoka pamoja. Gari la Ligi likawafuata nyuma, tupu. Watu waliowajua walisema hawajawahi kuona hao wawili wakipanda gari moja tangu walipogawana turubai.

Siku iliyofuata, uwanja ukiwa umefagiwa, Absalom alikuwa nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi kwa mikono. Phelista akatoka ndani na simu. Kichwa chake kipara kiling'aa juani, akawa anafanana na mamake kuliko alivyowahi kufanana naye.

"Papa, wametoa taarifa. Ya vyama vyote viwili. Wametia sahihi wote."

"Inasemaje?"

Akasoma. Taarifa ilisema muungano umezaliwa rasmi. Ilisema kuna watu waliotumwa na serikali kuuvuruga, wakiwatumia wazee wasioelewa siasa. Ilisema mzee mmoja wa Tongaren alionekana akizungumza na chifu kabla ya matanga. Ilisema Phelista Mukhwana amefukuzwa kutoka Ligi, na kwamba Jembe Jekundu nalo halitampokea, kwa mujibu wa makubaliano.

"Na kweli niliongea na chifu," Absalom akasema. "Si yeye ndiye anatoa kibali cha kuzika."

"Najua, papa."

"Basi wameungana."

"Wameungana."

Akaendelea kupukuchua. Punje zikawa zinaruka nje ya karai, kuku wakazikimbilia.

"Mama yako wamemtaja?"

Phelista akapitisha kidole kwenye simu, juu mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena pole pole akitafuta.

"Hapana. Hayumo."

"Hata jina?"

"Hata jina. Na zile picha wameziondoa."

Absalom akaacha mahindi. Akakaa na gunzi mkononi, anatazama upande wa kaburi, ambapo udongo ulikuwa bado mwekundu na mbichi.

"Basi wamemwachilia," akasema. "Leta karai lingine, tumalize kabla ya mvua."